Wanawake na kazi za anga za juu: maswali tunayoulizwa kila mara

Maswali haya nimeyaokota kwenye ziara za shule za sekondari, kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye simu za wazazi, ambao sijui kwa nini hupenda kupiga baada ya saa tatu usiku. Ninayejibu ni mwanamke. Nachakata picha za setilaiti Dar es Salaam, na shahada yangu ni ya upimaji ardhi, si ya urubani. Maswali nimeyapa namba ili nisirudie jibu moja mara tano.

## Mambo ya mwanzo

1. Kazi za anga ni zipi hasa? Si ni kuwa mwanaanga?

Mwanaanga ndiye abiria, na abiria hupanda mwisho. Kabla yake yupo aliyebuni tangi la mafuta ya roketi, aliyeandika programu, aliyetengeneza antena, na aliyekokotoa joto. Huyo wa joto watu humsahau. Setilaiti ya mzunguko wa chini huizunguka dunia mara 15 hivi kwa siku, na karibu kila mzunguko inachomwa na jua, kisha inaingia kivulini na kupigwa na baridi kali. Lazima awepo mtu aliyehakikisha betri inavumilia hali hiyo kwa miaka.

Kwa ufupi kuna wanaounda vyombo, wanaoviendesha kutoka ardhini, na wanaotumia kile kinachotumwa na vyombo hivyo. Ajira nyingi za Afrika Mashariki ziko kwa hawa wa mwisho (swali la 7).

2. Mwanamke wa kwanza kwenda angani alikuwa nani?

Valentina Tereshkova wa Umoja wa Kisovieti, tarehe 16 Juni 1963. Alikuwa na miaka 26, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo aliyependa kuruka kwa mwavuli. Alizunguka dunia mara 48, peke yake ndani ya chombo. Baada yake ikapita miaka 19 kabla ya mwanamke wa pili, Svetlana Savitskaya, kwenda mwaka 1982. Mmarekani wa kwanza, mwanafizikia Sally Ride, alifuata Juni 1983.

3. Na Mwafrika je?

Sara Sabry wa Misri, mhandisi wa mitambo na wa vifaa vya tiba, alipanda roketi ya Blue Origin, kampuni binafsi ya Marekani, tarehe 4 Agosti 2022. Ilikuwa safari ya dakika chache, kupanda na kushuka bila kuzunguka dunia, lakini hakuna mwanamke wa bara hili aliyemtangulia.

Wengi humtaja pia Mae Jemison, aliyeruka Septemba 1992. Yeye ni Mmarekani, mwanamke mweusi wa kwanza angani. Ni daktari, na kabla ya kujiunga na NASA, shirika la anga la Marekani, alihudumu Sierra Leone na Liberia. Alipokuwa bado mwanafunzi wa udaktari alifanya kazi na madaktari wanaofuata wagonjwa kwa ndege (Flying Doctors) huku kwetu Afrika Mashariki.

4. Huku kwetu kuna historia gani ya anga? Au tunasimuliana ya wenzetu tu?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa hiyo nivumilieni.

Ukitoka Malindi kuelekea kaskazini utafika Ngomeni, kijiji cha wavuvi kwenye ghuba ya Ungwana. Ukitazama baharini utaona majukwaa ya chuma yamesimama juu ya miguu yake kama mitambo ya kuchimba mafuta. Waitaliano waliyaweka miaka ya 1960, na kuanzia 1967 hadi 1988 roketi ziliruka kutoka pale. Walipachagua kwa sababu pako karibu na ikweta, ambako dunia huzunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki inaipata kasi hiyo bure.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya NASA, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kutazama eksirei zinazotoka kwenye nyota. Meneja wa mradi alikuwa Marjorie Townsend, mhandisi, mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha George Washington, mwaka 1951. Hakuwa karani wala mke wa bosi. Ratiba na maamuzi ya mradi vilikuwa mikononi mwake. Setilaiti hiyo ilipewa jina la *Uhuru*, kwa heshima ya siku ile na ya wenyeji.

Kabla yake vyanzo vya eksirei vilivyojulikana angani vilikuwa makumi tu. Orodha iliyotokana na Uhuru ina vyanzo 339. Vitabu vya unajimu wa kisayansi duniani kote vinalitaja neno letu la Kiswahili. Nikilisema hili darasani, kwanza hawaniamini, halafu mmoja huuliza, "Kwa nini hatukuambiwa?" Sina jibu la hilo.

Tukija siku hizi: Chuo Kikuu cha Nairobi kiliunda setilaiti ndogo, 1KUNS-PF, iliyoachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 11 Mei 2018. Rwanda ikafuata mwaka 2019, Uganda mwaka 2022, na Kenya ikarusha Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023.

5. Hao wanawake tunaowaona kwenye picha wanafanya kazi kweli, au ni wa kupigwa picha?

Swali la uchokozi, lakini lina msingi. Mwaka 2014, chombo cha India kilipofika Mirihi, picha ya kina mama waliovaa sari na maua kichwani wakishangilia ilizunguka dunia nzima. Baadaye shirika lao lilieleza kwamba wale walikuwa watumishi wa utawala. Wenye kejeli walifurahi.

Ila kwenye chumba cha uendeshaji alikuwepo Ritu Karidhal, naibu mkurugenzi wa uendeshaji wa safari hiyohiyo. Na Falme za Kiarabu zilipofikisha chombo chao cha Hope kwenye Mirihi Februari 2021, asilimia 80 ya timu ya sayansi walikuwa wanawake, wakiongozwa na Sarah Al Amiri. Kwa hiyo picha inaweza kukosea watu, na kazi ikawa imefanyika vilevile.

## Shule na vyuo

6. Nisome tahasusi gani? Hesabu zangu si nzuri sana.

Kwa Tanzania, PCM (fizikia, kemia, hesabu) inafungua milango mingi zaidi, na PGM (fizikia, jiografia, hesabu) inatosha kabisa kwa upande wa picha na ramani. Kwa Kenya, usiache fizikia. Wasichana wengi huitupa mapema kisha wakaitafuta wakiwa chuoni. Baada ya hapo chagua uhandisi wa umeme, mitambo, mawasiliano au kompyuta. Si lazima jina la shahada liwe na neno "anga". Anayelitaka neno hilo, Chuo Kikuu cha Kenyatta kina uhandisi wa anga, na cha Nairobi kina shahada ya astronomia. Kwa upimaji na picha za setilaiti, Chuo Kikuu Ardhi.

Kuhusu hesabu: mimi nilipata C kidato cha nne. Nilichokosa hakikuwa akili bali mazoezi, kwa sababu jioni nilikuwa nachota maji na kupika wakati kaka zangu wanajadili maswali na mwalimu wa tuisheni. Mzazi unayesoma hapa, mpe binti dakika tisini za jioni zisizoguswa na mtu. Hesabu zikiwa mbovu kabisa hata baada ya hapo, anga lina wanasheria na madaktari pia.

7. Nimesoma jiografia (au upimaji, kilimo, misitu). Nimeshapitwa?

Hapana, wewe ndiye uliye karibu zaidi na ajira.

Picha za Landsat, setilaiti za Marekani za kutazama ardhi, zimepigwa tangu 1972 na tangu 2008 ni bure kwa yeyote. Kifaa kilichozipiga mwanzoni kilibuniwa na mwanamke, Virginia Norwood. Alimaliza chuo cha MIT cha Marekani mwaka 1947 kwenye hesabu na fizikia, akakosa kazi ya uhandisi, akawa anauza blauzi dukani. Nikifungua picha ya zamani ya Rufiji huwa namkumbuka na zile blauzi zake.

Picha za Sentinel-2 za Wazungu wa Ulaya nazo ni bure, na kila nukta yake ni mita 10 kwa 10. Shamba la ekari moja unaliona, ng'ombe humwoni. Lakini malisho yake unayaona, na hapo ndipo penye fedha. Tangu 2010 kule Marsabit kuna bima ya mifugo inayoendeshwa hivyo: setilaiti inapima ukijani wa malisho, ukishuka chini ya kiwango mfugaji analipwa, bila mtu kwenda kuhesabu mizoga. Lazima awepo anayechakata picha hizo, anayejua wingu ni wingu na si ukame.

Anza leo. Pakua QGIS, programu ya kutengeneza ramani, ni bure. Chukua picha mbili za kata yenu, ya kiangazi na ya masika, uzilinganishe. Ukija kwenye usaili na ramani uliyoitengeneza mwenyewe ya mahali unapopajua kwa miguu, unakuwa na cha kuzungumza.

8. Ufadhili upo? Kwetu hawana uwezo.

Upo, ila mwingi ni wa shahada ya pili na kuendelea. Njia niliyoona ikiwafaa watu wa ukanda huu ni ya Umoja wa Mataifa na Japani katika taasisi ya Kyutech, ambako unasoma shahada ya uzamili au uzamivu huku ukijifunza kuunda setilaiti ndogo. Wahandisi watatu wa Uganda walioiunda PearlAfricaSat-1, ile setilaiti ya nchi yao ya 2022, walijifunza palepale Kyutech.

Kwa wanawake pekee: OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, hufadhili uzamivu kwa wanaotoka nchi kama zetu, na Zonta, shirika la kimataifa la wanawake, hutoa ufadhili wa Amelia Earhart kwa wanaosoma uzamivu wa uhandisi wa anga, bila kujali uraia. Kwa anayependa darubini za redio, kuna mafunzo ya DARA yanayofanyika Kenya pia. Space4Women ya Umoja wa Mataifa haitoi fedha, bali inakuunganisha na mlezi wa kitaaluma, na mlezi mmoja mzuri anaweza kukusomea barua ya maombi mara tatu kabla hujaituma.

## Kazini

9. Kuunda setilaiti kunakuwaje? Mikono inagusa nini?

Ondoa picha ya karakana yenye moshi. Setilaiti ndogo ya kipimo kimoja ni mchemraba wa sentimita 10 kila upande, uzito kilo moja na ushei, kama pakiti ya sukari. Inaundwa kwenye chumba kisicho na vumbi. Mlangoni unavua viatu, unavaa joho jeupe, barakoa, glovu na kofia. Wanja, poda na losheni yenye mng'aro havivuki mlango, kwa sababu chembe zake huanguka kwenye lenzi. Nywele zote ndani ya kofia. Siku yangu ya kwanza ya mafunzo nilikuwa na rasta ndefu za kusuka, zikahitaji kofia mbili na msaada wa mtu.

Kisha unafunga mkanda mkononi wenye waya uliounganishwa na meza, ili umeme tuli wa mwili wako usiue chipu. Huusikii wala huuoni, ila chipu imekufa. Kulehemu kwa madini ya risasi kunataka mkono mtulivu tu. Aliyewahi kushona shanga au kudarizi kofia za vito ana nafasi nzuri kuliko anavyodhani.

Halafu majaribio. Kuna meza ya mtikiso inayoigiza roketi. Kifaa chetu cha kujifunzia kilikuwa na skrubu moja ambayo kila mtu alidhani mwenzake ameikaza. Meza ilipoanza kutikisika tukaisikia ikigonga ndani, ka-ka-ka, kama punje ya mahindi kwenye debe. Mkufunzi alizima mashine, hakusema neno, akatukabidhi daftari la kumbukumbu. Tangu siku hiyo kila skrubu ina saini mbili.

10. NASA inaajiri Mtanzania au Mkenya?

Kwa mwanaanga wa NASA, lazima uwe raia wa Marekani, uwe na shahada ya uzamili ya sayansi au uhandisi (au inayolingana nayo), na uzoefu wa kazi au saa 1,000 za kurusha ndege ukiwa rubani mkuu. Ajira nyingine za NASA nazo karibu zote ni za raia. Kampuni binafsi za roketi za kule hubanwa na sheria ya usafirishaji wa teknolojia ya silaha, hivyo huhitaji angalau kibali cha ukazi wa kudumu. Ulaya nayo huchukua wanaanga kutoka nchi wanachama wake.

Njia ndefu ipo. Kalpana Chawla alizaliwa Karnal, India, akasoma uhandisi wa ndege Chandigarh hadi 1982, akaenda Marekani kwa masomo, akawa raia mwaka 1991, akachaguliwa 1994, akaruka 1997. Alifariki na wenzake sita chombo cha Columbia kilipovunjika tarehe 1 Februari 2003.

Kumbuka jambo moja la pasipoti: Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili tangu katiba ya 2010. Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa pili. Mtanzania anayeifuata njia ya Chawla anachagua, na achague akiwa amekaa na wazazi wake, si peke yake usiku.

11. Kwenye usaili wameniuliza nitaolewa lini. Nijibu nini?

Niliulizwa hilo mwaka wangu wa kwanza wa kutafuta kazi, na ofisi moja ambayo siitaji. Nilicheka, nikasema "Mungu akijalia," na kazi sikupata. Leo ningesema: "Ratiba ya mradi nimeisoma na ninaimudu. Kuna swali kuhusu kazi?" Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inakataza ubaguzi kwa jinsia, ndoa au ujauzito, hata kwa anayeomba kazi, na ya Kenya ya 2007 vilevile. Kushitaki ni gharama, najua. Lakini andika tarehe, majina na maneno waliyotumia.

## Mwili, dini na familia

12. Hedhi angani inakuwaje?

Inakuja kama ardhini. Damu haitegemei mvutano wa dunia kutoka. Wengi huchagua kuisimamisha kwa vidonge, zaidi kwa sababu ya usumbufu wa maji na mizigo. Sally Ride alisimulia kwamba kabla ya safari yake ya wiki moja, wahandisi wa kiume walimuuliza kama tamponi 100 zingetosha. Wasichana wakimaliza kucheka huwa nawauliza: mngekuwepo wawili mezani siku ile, lingeulizwa?

13. Navaa hijabu. Itakuwa kikwazo? Na swala?

Nora Al Matrooshi, mhandisi wa mitambo kutoka Falme za Kiarabu, alihitimu mafunzo ya wanaanga Houston mwaka 2024 akiwa na hijabu yake. Kofia ya mawasiliano ndani ya suti hufunika nywele. Shida ilikuwa dakika za kuvaa kabla ya kofia hiyo, na mafundi wakamtengenezea kitambaa cha kujistiri hadi aivae. Mwanamke wa kwanza Mwarabu kuizunguka dunia angani, Rayyanah Barnawi wa Saudi Arabia, alikaa kwenye Kituo cha Kimataifa Mei 2023. Kwenye chumba kisicho na vumbi (swali la 9) hijabu ni rahisi zaidi: kila mtu amefunikwa.

Swala: jua huchomoza mara 16 hivi kwa siku ukiwa kule. Mwaka 2007 wanazuoni wa Malaysia walitoa mwongozo kwa mwanaanga wao, afuate saa za mahali aliporushiwa. Kwa mengine muulize shehe wako. Mimi ni wa ramani.

14. Nina miwani, na ni mfupi. Basi?

Miwani si tatizo siku hizi. Urefu una mipaka kwa mwanaanga tu. Tangazo la Ulaya la 2021 lilitaka sentimita 150 hadi 190. Tatizo kubwa limekuwa suti. Machi 2019 Anne McClain na Christina Koch walipangwa kutoka nje ya kituo pamoja, ikaonekana wote wanahitaji kiwiliwili cha saizi ya kati, na kilichokuwa tayari ni kimoja. McClain akabaki. Wanawake wawili walitoka pamoja kwa mara ya kwanza tarehe 18 Oktoba 2019, Koch na Jessica Meir, kubadilisha kifaa cha kuchaji betri.

15. Na watoto?

Anna Fisher aliruka Novemba 1984 akiwa na binti wa mwaka mmoja na miezi. Wanaobaki ardhini wanazaa na kulea kama wahasibu na walimu. Zamu za usiku za kituo cha uendeshaji ndizo ngumu, na hapo utamhitaji mama, shangazi au mume anayejua uji unapikwaje.

## Mengineyo

16. Nina miaka 38. Nimechelewa?

NASA haina kikomo cha umri. Waliochaguliwa huko nyuma walikuwa na miaka kati ya 26 na 46. Peggy Whitson aliomba kwa miaka kumi kabla ya kuchaguliwa 1996, na Juni 2025 aliruka tena akiwa na miaka 65. Kwa kazi za swali la 7, umri wala hauulizwi. Ukiwa umefanya kilimo miaka 12, hilo ni shamba unalolijua ambalo kijana wa kompyuta halijui.

17. Kuna mtu anasajili wasichana kwa "kambi ya NASA", ada ya fomu shilingi laki moja na nusu. Ni kweli?

Swali hili huja karibu kila likizo. NASA haitozi ada ya maombi ya kazi wala ya kuwa mwanaanga, na haitumi wakala mtaani; barua pepe zake huishia na nasa.gov. Zipo kambi za kulipia za taasisi nyingine, na hizo huwa na tovuti, anwani na orodha ya waliokwenda mwaka uliopita. Ukiambiwa ulipe kwa namba ya simu ya mtu binafsi kabla ya Ijumaa, usilipe. Kama umeshalipa, hifadhi ujumbe wa muamala, piga simu huduma kwa wateja ya mtandao wako sasa hivi, kisha nenda polisi na simu yenyewe mkononi, usifute kitu.